Kitalu cha mimea adimu, Luchelele, Mwanza: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nimeandika majibu haya baada ya kuchoka kupokea simu mikono imejaa udongo. Mengi ni yaleyale tangu nianze. Machache ni ya watu wanaotaka kufungua kitalu chao, na hao nimewajibu kwa urefu kwa sababu mimi sikuwa na wa kuniambia.

Mnauza nini hasa?

Ukiingia getini utaona michongoma, ukoka, parachichi zilizobebeshwa, maembe, mipapai, na maua ya kupanda mbele ya nyumba. Watu wengi huishia hapo, wananunua, wanaondoka. Nyuma ya tanki la maji kuna neti ya kivuli, na chini yake ndiko kwenye ile mimea iliyotupa jina: mishubiri (aloe) ya aina mbalimbali, okidi, waridi la jangwani, zamia, Saintpaulia, na miche michache ya mtapo, ambao nitaueleza mwishoni.

Niseme ukweli mapema. Mchongoma ndio unaowalipa vijana wangu wawili. Neti ya kivuli iliponunuliwa ilitokana na michongoma, tanki lilitokana na parachichi. Mimea adimu ni kama mtoto anayesoma shule ya mbali: unamtumia hela miaka na miaka ukingoja.

"Adimu" maana yake nini? Mbona kitu kilekile nimekiona Dar kwa bei ya kutupa?

Kuna mmea adimu porini na kuna mmea adimu dukani, watu huvichanganya. Chukua zamia, ule wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, unaowekwa kwenye mabenki. Kwao ni huku kwetu Afrika Mashariki, kwenye misitu ya pwani, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukazunguka dunia, ukarudi Mwanza ndani ya chungu cha plastiki kwa bei ya kigeni. Watu waliulipia kwa sababu dukani haukuwepo. Siku hizi upo kila kona na bei imeshuka.

Hali kadhalika ile monstera yenye mabaka meupe. Miaka ya korona watu walikuwa wanauziana jani moja kwa hela ya mbuzi. Maabara zilipoanza kuizalisha kwa tishu, yaani vipande vidogo vya mmea vinavyooteshwa kwenye chupa, kama inavyofanywa kwa migomba, bei ikaporomoka. Mtu aliyekopa kununua mama mmoja wa monstera hakupata muda wa kurudisha hela.

Adimu ninayoijali mimi ni ile ya porini. Mfano mkubwa ni Karomia gigas, mti uliojulikana kwanza Kenya mwaka 1977, baadaye ukaonekana upande wetu, Kilwa. Miti iliyobaki ni ya kuhesabu. Watu wa TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Morogoro, wamekuwa wakiuotesha. Mimi sina hata mche mmoja, kwa hiyo usinipigie kuuliza.

Ulianzaje?

Nilikuwa mkata minofu. Kiwanda cha sangara, zamu ya usiku, buti za mpira, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mwaka 2005 nilikwenda Lushoto kwenye msiba wa mume wa shangazi yangu. Kwenye dirisha la jiko lake kulikuwa na makopo manne ya ua dogo la zambarau, majani yana manyoya laini kama sikio la ndama. Shangazi akaniambia, "Hilo ua ni la milima hii hii, mwanangu, wazungu ndio walilipa jina lao." Alikuwa sahihi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wataalamu wa leo wamelihamishia ukoo wa Streptocarpus, ila sisi sokoni tumebaki na jina la zamani.

Shangazi alinipa majani matatu. Aliyazungushia gazeti lililoloweshwa, akayatia ndani ya kopo la Blue Band. Siku mbili za basi hadi Mwanza nililishika kopo lile mapajani kama limebeba yai. Majani mawili yalioza. Moja, baada ya wiki kama saba, lilitoa vijani vidogo pembeni ya kikonyo, kila kimoja saizi ya punje ya mtama. Nilimwita jirani aje kuona, akaniuliza ndiyo nini hicho.

Ndani ya mwaka nilikuwa na makopo ishirini na tano. Wenzangu wa zamu wakaanza kununua, elfu moja moja, wengine kwa kukopa hadi mshahara. Mkataba wa kiwanda ulipokwisha na wengi wetu tukarudishwa nyumbani, mimi nilikuwa na makopo, sehemu ya uani niliyopangishwa Nyegezi, na dada mkubwa aliyeniambia nimechanganyikiwa. Mchongoma wa kwanza niliuotesha kwa sababu makopo peke yake hayakulipa kodi.

Kazi hii inasomewa wapi?

SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wanafundisha kilimo cha bustani, na kule Tengeru, Arusha, kuna chuo cha kilimo hichohicho. Kama uko hapa kanda ya ziwa, TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo pale Misungwi, wanajulikana kwa pamba, lakini ukienda kwa adabu na swali la kueleweka kuhusu udongo au wadudu, hawakufukuzi. Mimi nilijifunzia kwenye miche iliyokufa. Ni chuo cha gharama kubwa, sikishauri.

Nina okidi nimeitoa porini. Mtanunua?

Hapana. Naomba nieleze, kwa sababu zamani jibu lilikuwa ndiyo.

Mwaka 2014 alikuja kijana na bodaboda, kiroba kimefungwa nyuma kwa mpira. Ndani mlikuwa na okidi-chui, Ansellia, ile yenye maua ya njano yenye madoa ya kahawia na mashina marefu kama miwa midogo. Zilikuwa bado zimeshikilia vipande vya tawi, na vipande vile vilikatwa kwa msumeno, mbao bado mbichi. Okidi hii hutoa mizizi myeupe mikali inayosimama kuelekea juu, ikatengeneza kitu kama kikapu cha kudaka majani makavu. Ndani ya kikapu kimoja sisimizi walikuwa wangali wanahamisha mayai yao. Nilimlipa elfu hamsini.

Zilikufa moja baada ya nyingine, kwa sababu mizizi iliyoshika gome haikubali kubanduliwa. Nilikuwa sijamaliza kuzitupa kijana akarudi, safari hii na viroba viwili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hela yangu ndiyo iliyompandisha mtini. Nikamkatalia, akakasirika, akasema "Mama, si wewe uliyesema nikipata nyingine nilete?" Ni kweli nilisema.

Okidi huzaa mbegu laini kama vumbi, haina chakula chake ndani. Porini huota tu ikikutana na kuvu wa aina fulani wa kuilisha, na maabara huoteshwa kwenye chupa yenye sukari na madini. Mmea mkubwa wa kujaza kiroba umechukua miaka mingi kufika pale. Kule nyanda za juu kusini okidi za ardhini huchimbwa viazi vyake kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua kama hayo.

Okidi ninazouza leo ni za kugawanya kutoka mama niliyonayo, au za chupa. Kila kopo lina namba, na namba iko kwenye daftari: mama yake nani, iligawanywa lini. Daftari hilo likiungua, neti yote ya nyuma inakuwa haina historia.

Sheria inasemaje?

Kwa kifupi, maana mimi si mwanasheria. Kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa. Msitu wa hifadhi una wenyewe, TFS, wakala wa misitu wa serikali, na bila kibali chao usitoe kitu. Kuingiza au kutoa mimea nje ya nchi kunahitaji karatasi za afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kibali cha kuingiza unakitafuta kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Okidi karibu zote, mishubiri karibu yote isipokuwa ule wa kawaida wa dawa na vipodozi, na Euphorbia (jamii ya minyaa) za mashina manene zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha II, maana yake biashara ya kuvuka mpaka ina vibali vyake. Mitapo ya jamii ya Encephalartos imo Kiambatisho cha I, huko ni kukali zaidi.

Watalii wanaoniomba "kamche kadogo tu ka kutia mfukoni", jibu ni hapana, hata ukinipa dola. Kwa miche ya matunda, ongea na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kuanza kuuza.

Kwa nini mimea yangu inakufa wakati naimwagilia kila siku?

Umejijibu mwenyewe.

Mshubiri, waridi la jangwani na zamia vina akiba ya maji mwilini. Zamia ina viazi chini ya udongo, waridi la jangwani lina tumbo lililovimba kama chungu. Ukilimwagilia kila siku, tumbo lile linaoza kwa ndani huku majani bado ni ya kijani, na siku unapolibonyeza kidole kinazama. Nimeshuhudia mteja akilia. Acha udongo ukauke mpaka katikati ya kopo, ndipo unyweshe, tena unyweshe kweli hadi maji yatoke chini. Kisha mwache.

Mwanza ina mambo yake. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai unapoa kuliko watu wa pwani wanavyodhani, na upepo wa ziwa wa miezi hiyo unakausha majani hata kama hakuna joto. Halafu mawe. Nyumba nyingi za Isamilo, Capripoint na vilima vya Bugando zimekaa juu ya miamba, na mwamba uliopigwa jua kutwa unaendelea kutoa joto hadi saa mbili usiku. Mshubiri unaupenda mwamba huo. Saintpaulia ukiiweka hapo, kesho una mboga iliyochemshwa. Yenyewe inataka dirisha la mashariki na maji ya kupitia chini, kwenye kisahani. Maji ya baridi yakidondokea jani linabaki na alama za manjano zisizofutika.

Miche midogo ina adui mwingine, kinyausi. Jioni inasimama, asubuhi imelala chini shingo imekatika kama iliyochinjwa. Mwaka wangu wa pili nilipoteza sinia zima la mishubiri, miche zaidi ya mia tatu, kwa usiku mmoja wa Novemba, kwa sababu niliifunika kwa nailoni nikiogopa mvua ya vuli. Hewa haikupita.

Mnatumia udongo gani?

Kwa mimea ya chini ya neti tunatumia udongo kidogo sana. Msingi wetu ni pumba za mpunga zilizounguzwa zikawa nyeusi bila kuwa majivu, mchanga wa chembe kubwa uliooshwa, na vipande vya mkaa. Pumba tunazipata bure mashineni, watu wanazitupa. Samadi iliyokaa miezi sita, konzi moja kwa ndoo. Ukitumia samadi mbichi utaunguza mizizi na utawaalika mchwa karamuni.

Okidi za mtini hazitaki hata hicho. Gome, mkaa, kipande cha mti, basi.

Wadudu?

Vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani: mswaki wa zamani, maji ya sabuni, na subira. Utitiri mwekundu huja kiangazi. Dawa kali za dukani tunazitumia mwisho kabisa.

Naomba mmea wa kuleta pesa ndani ya nyumba, au wa kufukuza nyoka.

Mayu, mimi si mganga, na waganga wa Usukumani wana bustani zao zinazonishinda kwa majina ya miti. Zamia watu wanaiita mti wa pesa. Pesa niliyoiona ikitoka kwake ni hii ya kuiuza. Nyoka anafuata panya na chura, kwa hiyo safisha uwanja.

Kitu cha kuogopa kweli ni utomvu. Waridi la jangwani lina maziwa yenye sumu, wawindaji wa zamani walipaka mishale. Maziwa ya Euphorbia yakiingia jichoni utakwenda hospitali. Mbegu za mtapo, nyekundu nzuri za kumshawishi mtoto, haziliwi. Kama una watoto wa kutambaa, niambie kabla sijakufungia.

Mna mimea ya majini ya kuweka kwenye bwawa?

Tuna yungiyungi na mafunjo, vyote vya hapa. Gugu maji sitauza hata ukiniita mshamba, na kila mwaka yupo anayeliulizia, eti lina ua zuri. Ni zuri. Ndiyo maana watu walilibeba kutoka Amerika ya Kusini kupamba mabwawa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria, likasambaa hadi mitumbwi ikashindwa kutoka ufukweni na samaki wakakosa hewa chini ya zulia lile. Miaka ya 1990 wakaletwa fukusi wa kulila, wakalipunguza. Halijaisha mpaka leo. Wavuvi wa Igombe na Kayenze watakusimulia vizuri kuliko mimi.

Tangu hapo mmea mgeni wowote ninaoletewa nauliza kwanza: unazaaje, na mbegu yake inakwenda na nini? Kama jibu ni ndege au maji, unakaa kwenye kopo au hauingii kabisa.

Kwa nini kitalu hakiko ufukweni? Si mngepata maji bure?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu ziwe mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nami zamani niliona ni kunionea. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, jirani aliyekuwa na shamba la mchicha kule chini alivuna kwa kuvua viatu. Likapanda tena 2024. Siku hizi sibishani na mita sitini.

Kinalipa?

Miaka minne ya kwanza, hapana. Sasa kinalipa, kwa mtindo wa kusubiri. Kiriba cha mchongoma kinageuka hela ndani ya miezi michache. Jani la zamia ukilichomeka leo, linakaa miezi linatengeneza kiazi chini kabla hujaona chipukizi. Okidi iliyotoka chupani inakaa miaka mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza. Sasa piga hesabu ya maji, neti, kibarua na wizi kwa miaka hiyo.

Madeni ndiyo yanaua. Hoteli moja ilichukua mishubiri arobaini mikubwa kwa ajili ya ufunguzi, wakasema hundi ni Ijumaa. Mtunza bustani wao akaimwagilia kwa mpira asubuhi na jioni, ikaoza, wakaniambia niliwauzia mimea mibovu na hundi haikuja. Tangu siku hiyo nusu ya hela inatangulia, na maelekezo ya umwagiliaji yanasainiwa. Watu wanacheka kusaini karatasi ya kumwagilia. Wacheke.

Anayetaka kuanza: anza na miche ambayo jirani yako atainunua wiki hii, na kona moja ndogo ya ile unayoipenda. Usikope kwa ajili ya kona ndogo.

Mnatuma mikoani?

Ndiyo, kwa basi, mizizi imefungwa kwa gazeti lenye unyevu kidogo, kama shangazi alivyonifundisha. Hatutumi Jumamosi, maana mzigo ukilala ofisini hadi Jumatatu unachemka.

Mtapo ni nini, na mbona mna miche kumi na mmoja tu?

Mtapo unafanana na mnazi mfupi mnene, majani magumu yenye miiba, lakini si ndugu wa mnazi. Ni ukoo wa kale kuliko mimea yote inayotoa maua. Wetu ni Encephalartos hildebrandtii, wa misitu ya pwani. Tuliupata kwenye bustani ya nyumba ya zamani Capripoint iliyokuwa inabomolewa, mwenye nyumba akatuandikia barua ya kutupa. Wanaume sita waliubeba.

Tatizo ni kwamba kuna mtapo dume na mtapo jike, na hujui mpaka utoe koni. Wetu ulitoa koni 2017, ukawa jike, na dume hakuna mtaa mzima. Huko kwao fukusi ndio wanaobeba chavua. Hapa nilipiga simu kwa mtunza bustani mmoja Tanga, akatuma chavua kwa basi, ndani ya bahasha, unga wa rangi ya maziwa. Ulifika umeshika unyevu, umegandana. Mbegu zote zikawa tupu.

Mwaka 2021 ukatoa tena. Safari hii chavua ilikuja ndani ya kichupa kikavu cha dawa pamoja na punje za mchele wa kunyonya unyevu. Nilikaa nikiiangalia koni kila asubuhi hadi magamba yake yalipoachana kidogo, upana wa kucha, nikapuliza unga ndani kwa pampu ya kunyonyea mafua ya mtoto, siku tatu mfululizo. Mbegu zikaanguka baada ya miezi. Nyingi zilielea majini. Zilizozama nilizilaza kwenye maranda ya mbao yenye unyevu, nikangoja karibu mwaka. Kumi na moja zikatoa mzizi.

Ule mkubwa nyuma ya tanki unauzwa bei gani?

Hauuzwi. Miche saba kati ya kumi na mmoja imeshaandikiwa wenyewe, minne inabaki hapa mpaka tujue ipi ni dume, na mimi huenda nisiwepo siku hiyo. Kuangalia ni bure. Ukija mwezi huu utaukuta umeanza koni nyingine, na chavua iko kwenye friji langu la nyumbani, rafu ya juu, kando ya siagi, imeandikwa kwa wino mwekundu USIGUSE.